Pasiwedi ya Hajati

Mama aliteleza kwenye kibanja chake, Muleba, asubuhi moja ya masika, akavunjika mfupa wa paja. Alikanyaga gome la mgomba. Alikuwa amepita njia hiyo maisha yake yote ya ndoa, na nadhani hilo lilimuudhi kuliko maumivu. Alipotoka hospitali akaja kukaa kwangu Bukoba, mtaa wa Bilele, kwenye vyumba viwili ninavyopanga, ili awe karibu na kliniki ya mazoezi. Nilimpa chumba chenye dirisha. Dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani, na mama aliutazama ukuta ule kama mtu anayengoja useme kitu.

Kwa wasiotoka kwetu, kibanja si shamba ambalo mtu huenda asubuhi na kurudi jioni. Ni migomba na mibuni inayoizunguka nyumba mpaka mlangoni, na humo humo ndimo wanamolala waliokufa. Baba yumo, chini ya saruji, karibu na mpaka. Mwanamke aliyefiwa na mume anakuwa na haki ya kukaa kwenye kibanja kwa sababu anakaa. Karatasi zipo, na sheria ipo, nimeisoma. Lakini mbele ya ukoo kinachotazamwa ni moshi wa jikoni. Moshi ukikatika muda mrefu, watu wanaanza kupaita pale "palipokuwa kwa fulani", na hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo.

Mama alikiacha kibanja mikononi mwa baba mdogo, mdogo wa marehemu baba, ambaye anaishi ng'ambo ya njia. Kila jioni alimpigia simu, na kwa sababu alipenda nisikie, aliiweka kwenye spika.

"Huku kuzuri tu, shemeji. Pona kwanza."

"Migomba?"

"Mizuri."

"Mnyauko haujaingia?"

"Haujaingia."

"Na kahawa?"

"Nzuri."

Akikata simu, mama anasema, "Kila kitu kizuri. Hata mbinguni sijaahidiwa hivyo."

Baba mdogo alituma picha ya mkungu wa ndizi, mkubwa kweli, umeegemezwa ukutani. Mama akaishika simu mbali na macho, akaitazama kwa muda.

"Nimemuuliza habari za kibanja," akasema, "yeye ananitumia mgeni rasmi."

Kilichomuumiza zaidi ni kununua ndizi. Kulikuwa na mwanamke mmoja kutoka Kibeta aliyepita na mikungu mtaani kwetu, na mama alikuwa akimlipa kama anayelipa faini. Alizipika, akazila, akasema hazina ladha, kisha akauliza tena ataruhusiwa lini kurudi. Mimi nilikuwa na hoja zangu za kumtaka akae: mguu, mazoezi, njia yenye utelezi, nyumba isiyo na mtu wa kumwinua akianguka. Nilikuwa nazipanga vizuri. Nilijitolea niende Muleba nikamwangalizie, nije nimweleze.

"Nenda," akasema. "Lakini ukirudi utaniambia nini?"

"Nitakachokiona."

"Utaniambia nikae mjini. Wewe unataka nikae. Baba yako mdogo anataka nikae. Nyie wawili hamjawahi kukubaliana hata siku ya harusi ya dada yako ilikuwa lini. Sasa mnakubaliana juu yangu. Nataka nione mwenyewe."

Watu wamenizoea kama mtu wa kuuliza maswali. Nimewahi kufukuzwa kwenye mafundisho ya kipaimara kwa sababu hiyo. Lakini tabia hii sikuiokota chuoni, na mazungumzo kama yale ndiyo hunikumbusha nilikoitoa.

Nilihitaji shahidi asiye na upande. Ndipo nikaikumbuka kompyuta yangu ya bodi moja. Ni kompyuta nzima iliyobanwa kwenye kipande cha bodi ya kijani kinachotosha kiganjani. Haina kioo, haina kibodi, haina hata kasha. Viungo vyake vyote viko nje kama vya kuku aliyenyonyolewa. Niliinunua nikiwa chuo ili nifanye nayo mambo makubwa ambayo siyakumbuki. Baadaye niliitumia kwenye kituo kilichoko Bakoba, kata nyingine ya mjini humu, ninakofundisha kompyuta, ikiwa imeunganishwa kwa waya na kioo cha kuazima. Kwa waifai sikuwahi kuijaribu. Nilikuwa pia na kamera yake, ndogo kama kifungo cha shati. Wazo langu lilikuwa kuiweka kwenye dirisha la ghala letu kule Muleba, ipige picha ya kibanja kila baada ya muda na kuituma yenyewe, mama aifungue kwenye simu akiwa Bilele.

Mtandao ulikuwepo. Jirani yetu upande wa barabarani ni Hajati, mama wa Kiislamu, Mhaya kama sisi, mwenye duka la vitenge na vocha. Mwanawe aliyeko Mwanza alimfungia waifai ili waonane kwa video, na waifai hiyo inavuka ua mpaka kwetu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kitakaa pale peke yake?"

"Peke yake."

"Hakuna wa kukigeuza kitazame pazuri?"

"Hakuna."

"Basi kipeleke."

*

Baba mdogo ni mtu mpole anayecheka kabla ya kusema. Alinipokea, akanizungusha. Nilitaka kuona kasoro na sikuona. Majani makavu yalikuwa yamekatwa, nyasi za kutoka rweya, uwanda ule usiolimwa, zilikuwa zimetandazwa chini kama godoro, mikungu mizito imewekewa miti ya kuegemea. Upande wa kaburi la baba, kati ya saruji na mstari wa mimulamula, ile mimea mirefu tunayoipanda kuwa mipaka, kulikuwa na mashimo mapya yenye machipukizi ya migomba, yamepangwa kwa mstari na kuwekewa samadi.

"Baba mdogo, hata mama alipokuwepo hapakuwa hivi."

Akacheka. "Kazi ni kazi, mwana wange."

Nikamweleza kamera. Akaiangalia kwa karibu mno, mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye lenzi yake.

"Kwa hiyo kitakuwa kinaniangalia mimi?"

"Kinaangalia migomba."

"Na mimi nikiwa kwenye migomba?"

"Basi na wewe."

"Afadhali nioge," akasema.

Kwa Hajati huwezi kwenda moja kwa moja kwenye shida yako. Kwanza unakaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, unaulizwa habari za kila mtu, halafu unapewa kahawa za kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa ambazo hakuna mgeni wa Kihaya anayezikwepa. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuuliza kwa nini mgeni apewe kitu kikavu na kichungu hivyo. Nikajibiwa kwamba mgeni anayetafuna hawezi kuuliza maswali. Nikatafuna. Dukani kulikuwa na wateja, mama mmoja akipima kitenge kiunoni, na wanaume waliokuja kununua vocha wakanogewa na kivuli.

Nilipoomba waifai, Hajati alinyoosha mkono, akachukua simu yangu, akaigeuzia kifuani kama anayeficha karata, akaandika neno la siri mwenyewe kwa kidole kimoja. Simu ikakubali. Akanirudishia.

"Haya. Umepata."

"Nashukuru, Hajati. Lakini kuna kifaa kingine, hakina kioo. Hicho siwezi kukuletea uandike. Nahitaji neno lenyewe."

Akawaangalia wateja. Akanivuta sikio karibu.

"Utarudi lini," akasema.

"Keshokutwa, Hajati. Kituo hakina mwalimu mwingine."

"Sikuulizi wewe. Umeniuliza pasiwedi."

"Ndiyo."

"Ndiyo hiyo. Utarudi lini."

Mama wa kitenge akaanza kucheka. Hajati akaacha kunong'ona, maana siri yenyewe ilikuwa imeshakwisha.

"Mwanangu alipofunga hili dude aliniambia, mama, andika neno ambalo hutalisahau. Nikaandika hilo. Namuuliza kila siku, nitalisahauje?"

"Yeye anasemaje?"

"Anasema niweke na namba ndani yake ili wezi wasiliotee. Nimemwambia namba nitaweka siku akinitajia tarehe."

"Ni neno moja? Hakuna nafasi katikati?"

"Limeshikana lote. Na mama yako je? Hilo sasa nakuuliza wewe. Atarudi lini?"

Nikasema mguu bado. Hajati akaitikia "ee, waitu" ile ya kwetu ambayo ni heshima na si lazima iwe makubaliano.

*

Kompyuta isiyo na kioo inaunganishwa kwa imani, na mimi sina nyingi. Unaandika kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu kwa kutumia kompyuta nyingine: jina la mtandao, neno la siri, na nchi uliyopo, kwa sababu kila nchi ina kanuni zake za mawimbi. Kisha unachomeka kadi, unakipa kifaa umeme, unangoja. Taa nyekundu inawaka kusema umeme umefika. Taa ya kijani inapepesa kusema kadi inasomwa. Baada ya hapo kinapaswa kutafuta mtandao chenyewe, na wewe unakitafuta kwenye simu, kwenye orodha ya vilivyounganishwa. Kama umekosea mahali, hakikwambii. Hakina mdomo. Kinakaa pale na taa zake, kimetulia, kama mwanafunzi asiyejua jibu.

Niliandika kadi kwa kompyuta yangu ya mkononi, ambayo waifai yake ilikufa zamani na sasa inafaa kwa kazi kama hizo tu. Nikachomeka kifaa kwenye soketi ya ghala, ambayo ndiyo pekee inayofanya kazi upande ule wa nyumba. Taa zikafanya ilivyotakiwa. Kwenye simu niliona simu ya Hajati, televisheni yake na simu yangu mwenyewe. Kingine hakikuwepo.

Nikangoja. Nikachomoa, nikachomeka. Baba mdogo alileta kigoda akakaa mlangoni mwa ghala, mikono magotini.

"Kimekataa?"

"Kinatafuta mtandao."

"Kitafute tu. Hata mimi niliwahi kutafuta kazi Bukoba."

Nilishuku chaja kwanza, kwa sababu vifaa hivi hulegea umeme ukiwa mdogo. Nikabadilisha chaja. Nikashuku nchi, labda niliiandika vibaya; niliiandika vizuri. Nikashuku kadi, nikaiandika upya tangu mwanzo, kazi ya kuchosha. Nikashuku umbali, nikakibeba kifaa mpaka dukani kwa Hajati na kukiweka kwenye kaunta chini kabisa ya kile kisanduku cha waifai, katikati ya vocha na biskuti. Wanaume wa kivulini wakasogea.

"Hiki ndicho kinafundishwa chuo?"

"Hiki na vingine."

"Na kikikataa, mnafundishwa nini?"

"Kuuliza kwa nini."

"Basi kiulize."

Nilifikiria kwamba labda waifai ya Hajati inatumia masafa ambayo kifaa changu cha zamani hakiyapati. Hiyo ilikuwa dhana nzuri, na niliipenda, kwa sababu haikuwa kosa la mtu. Lakini simu yangu nayo ilikuwa ya zamani na ilikuwa imeunganishwa bila shida. Neno la siri sikulishuku. Lilikuwa maneno mawili ya Kiswahili ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyaandika. Nilijaribu hata kulifungua kwenye simu nilitazame, ikanionyesha vitone.

Jioni mama akapiga.

"Kimefika?"

"Kimefika. Hakijaunganika."

"Hata chenyewe kinasita," akasema. Kisha, "Umekiona kibanja?"

"Nimekiona. Kiko vizuri sana, mama."

"Sawa," akasema, kwa sauti ile aliyomjibia baba mdogo kila siku, na nikajua kwamba nimehesabiwa upande wa pili.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, kifaa mapajani, nikifikiria namna ya kurudi Bilele na mikono mitupu, simu ikatoa mlio. Ilikuwa meseji ya Hajati.

"Chakula tayali. Kalibu ule, hiyo kompyuta haili."

Niliisoma nikacheka kwa sababu ya kompyuta. Kisha nikaisoma tena.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa Kihaya, l na r ni kama ndugu wanaovaliana nguo. Ukimwita huyu au yule, anayekuja ndiye uliyemtaka. Baba aliamini kwamba mtoto wa Kihaya hujulikana mbali kwa herufi hizo mbili, na aliamua kwamba wa kwake hatutajulikana hivyo. Wakati wa kula alitusemesha: redio, reli, rula, lori. Aliyesema ledio alirudia mpaka chakula kikapoa. Nilipofika chuo Dar es Salaam nilikuwa nasema Kiswahili kisafi kuliko wenzangu wengi, na masikio yangu yalikuwa yamefundishwa kazi moja ambayo hayajaiacha: mtu wa kwetu akisema kalibu, mimi nasikia karibu. Sisikii na kusahihisha. Nasikia ambacho tayari kimesahihishwa.

Hajati hakuwahi kuniambia "utarudi lini". Aliniambia "utaludi lini", na hivyo ndivyo alivyoandika siku mwanawe alipomwambia aandike. Hata hapa, nilipokuwa nikiyaandika mazungumzo yetu ya dukani, nimeyaandika kwa herufi za baba. Sikukusudia. Nimeyaacha ili ionekane jinsi jambo hili linavyotokea.

Nikarudi ghalani, nikafungua kadi kwenye kompyuta ya mkononi, nikabadilisha herufi moja, nikaiweka kamera dirishani. Nikachomeka. Taa nyekundu, taa ya kijani. Nilikuwa nimeishika simu na sikutaka kuitazama mapema. Nilipoitazama, chini ya televisheni ya Hajati kulikuwa na jina nililokipa kifaa changu. Nikafungua picha. Ilikuwa ya kijivu, jua limeshazama, lakini migomba ilionekana, na nyuma yake saruji nyeupe ya kaburi la mtu aliyenifundisha kusema reli.

Nikaenda kula. Nilimweleza Hajati.

"Uliandika l, Hajati."

"Nilipaswa kuandika nini?"

"R."

"Ndiyo hiyo niliyoandika," akasema, akaniongezea mchuzi.

Nikala.

*

Bilele, mama aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai na kukaa mbele yake kama wengine wanavyokaa mbele ya taarifa ya habari. Alijifunza kuitanua picha kwa vidole. Baba mdogo naye alikuwa amejua kifaa kinafanya kazi, na asubuhi alikuwa akipita mbele ya dirisha, anavua kofia, anainama kidogo, kisha anaendelea na kazi. Niliona hilo kama tatizo la kisayansi: kinachotazamwa kinabadilika kwa sababu kinatazamwa. Mama hakuliona kama tatizo. Alisema anayejua anatazamwa ndiye anayeonyesha anachotaka uone, na hicho pia ni cha kuona.

Mimi nilikuwa nimetulia. Kibanja kilikuwa kizuri, picha ilisema hivyo bila mimi, na nilingoja aseme kwamba sasa anaweza kukaa. Nilikuwa hata nimemtafutia kiti cha kukaa nje, upande usio na ukuta.

Asubuhi moja akaniita.

"Nani amepanda pale, upande wa baba yako?"

"Baba mdogo. Ni machipukizi mapya."

"Uliyaona ulipokwenda?"

"Niliyaona."

"Hukuniambia."

"Nilidhani ni jambo zuri."

"Ni jambo zuri," mama akasema. "Ndiyo maana."

Alizungumza polepole, bila hasira, kidole chake kikiwa juu ya mstari ule wa machipukizi. Mtu anayekutunzia kibanja, alisema, anakata majani, anapalilia, anatandaza nyasi, anakula ndizi, na hakuna neno, ni haki yake. Lakini hapandi. Mgomba mtu anaupanda pale anapotegemea kuukuta. Anayepanda kwenye kibanja cha mwingine bila kumwambia mwenyewe, ama amesahau, ama amekumbuka sana.

Nikafanya kazi yangu ya kuuliza. Labda upepo uliangusha migomba ya zamani akaziba pengo. Labda alitaka kumfurahisha. Labda kwa mtu anayependa kilimo, ardhi tupu ni kama kidonda na hawezi kujizuia.

"Inawezekana," mama akasema baada ya kila moja. Kisha akasema, "Kwa kuwa inawezekana, sitaki ugomvi. Nataka kurudi tu."

Nikamkumbusha mguu. Akasema mguu utaenda naye.

Nilikuwa nimemletea ushahidi niliouchagua mwenyewe, kwa kifaa nilichokichagua mwenyewe, na yeye aliusoma vizuri kuliko nilivyotaka. Kliniki wakampa fimbo na karatasi ya mazoezi.

Tuliposhuka Muleba alikataa kwenda nyumbani kwanza. Alikwenda dukani kwa Hajati, akakaa kwenye kigoda, akatafuna kahawa, akaulizwa na kujibu. Wateja walikuwepo, na wale wa kivulini, na wawili watatu wa ukoo waliokuwa wamesikia kwamba anakuja. Baba mdogo akaja akikimbia kidogo, amevua kofia kama mbele ya kamera.

"Shemeji, umerudi."

"Nimerudi. Na nimeona kila kitu kwenye kile kidude cha huyu mtoto. Nimeona ulivyonipandia."

Baba mdogo akacheka.

"Asante sana kwa kunipandia," mama akasema, na sauti yake ilitosha duka zima. "Pale palikuwa pananisumbua muda mrefu. Mkungu wa kwanza ukikomaa utaula wewe. Nitakuletea mwenyewe, kwa mkono wangu."

Sijui ni wangapi dukani waliosikia kilichosemwa. Nadhani wote. Mtu hukuletea kitu kutoka kwake, hakuletei kilicho chako tayari. Baba mdogo aliendelea kucheka, akiizungusha kofia mikononi.

"Ee, waitu," akasema mwishowe. "Kwako ni kwetu."

"Ni kweli," mama akasema. "Karibu wakati wowote."

Sijui hata leo alikuwa na nia gani. Nilimuuliza mama mara moja kama ana hakika, akaniambia hakika ni ya padri. Baba mdogo bado anakuja kumkatia majani makavu, na mama anampikia. Wanaelewana kuliko zamani. Nimejaribu kulieleza hilo kwa namna mbili tofauti na zote mbili zinatosha.

Nilirudi Bukoba peke yangu. Kamera niliiacha dirishani, kwa kisingizio cha mguu. Jioni niliifungua picha nikitoka Bakoba: migomba, saruji, mama akipita na fimbo, siku nyingine fimbo imeegemezwa na yeye hayupo. Mara nyingi picha ilikuwa na ukungu upande mmoja, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni moshi wa jikoni.

Kisha picha zikakoma. Nikashuku neno la siri, kwa kuwa sasa nilikuwa nimejifunza kuanza na hilo. Nikashuku chaja, kadi, umeme wa Muleba, mvua. Nikampigia mama.

"Kile kidude? Nimekichomoa."

"Kwa nini?"

"Nachaji simu. Soketi ni hiyo hiyo moja."

"Utakirudisha?"

"Kifanye nini? Kilikuwa kinatazama kwa sababu sipo. Sasa nipo."

Nyuma yake nilimsikia Hajati, ambaye bila shaka alikuwa amekaa ngazini akimenya ndizi naye.

"Mulize ataludi lini."

Nikasema Krismasi. Mama akasema Krismasi kila mtu anarudi, hata wanaodaiwa, na hilo halihesabiki.